Upimaji wa Haraka wa Bakteria katika Maziwa ya Mama Yanayotolewa kwa Hisani

Maziwa yanayotolewa na akina mama kwa ajili ya watoto wa wengine yana thamani kubwa kwa mtoto aliyezaliwa kabla ya miezi kutimia, hasa pale mzazi wake anapokosa maziwa ya kutosha. Hupunguza hatari ya ugonjwa wa kuoza kwa utumbo, ambao huweza kumwua mtoto kwa muda mfupi. Hazina ya kwanza ya maziwa hayo ilifunguliwa Vienna mwaka 1909.

Hata hivyo, maziwa yaliyokamuliwa hupita mikononi na katika chupa, na humo bakteria hupata mwanya. Ndiyo sababu hupashwa joto la nyuzi 62.5 kwa dakika 30. Joto hilo huwaua bakteria wengi, lakini haliviwezi viini vyenye ganda gumu vya Bacillus cereus. Kwa hiyo upimaji ni wa lazima.

Njia ya kawaida ni kuotesha: maziwa kidogo hutandazwa juu ya chakula cha bakteria, yakaachwa mahali penye joto kwa muda unaoweza kufika saa 48, kisha makundi yaliyoota huhesabiwa kama mkulima ahesabuvyo miche kitaluni. Mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2010 huagiza kumwaga maziwa yenye makundi zaidi ya 100,000 kwa mililita kabla ya kupashwa joto, au 10 au zaidi baada yake. Katika muda huo chupa hubaki zimegandishwa, na akiba ikiwa ndogo, mtoto hungoja.

Njia za haraka zimetafutwa ili kufupisha kungoja huko. Mojawapo hupima ATP, kemikali ya nguvu iliyomo katika kila chembe hai: kimeng'enya cha kimulimuli huitumia kutoa mwanga, nao hupimwa kwa dakika chache. Lakini chembe za mama zilizomo katika maziwa zina ATP vilevile, na viini vilivyolala vina ATP kidogo mno. Nyingine ni PCR, ambayo humtambulisha bakteria kwa saa chache kwa kuzidisha DNA yake. Lakini DNA hubaki hata bakteria akiisha kufa. Hivyo maziwa salama yaliyopashwa joto yaweza kudhaniwa machafu. Nchini Brazil, hazina hupima uchachu, kwa kuwa bakteria huigeuza sukari ya maziwa kuwa asidi: yanayozidi nyuzi 8 za Dornic hukataliwa. Kipimo hiki ni cha bei nafuu, ila hakimtaji bakteria aliyehusika.

Ni dhahiri basi kwamba kila kipimo hujibu swali lake. Kabla ya joto, vipimo vya haraka hufaa kuchuja maziwa mabaya mapema. Baada ya joto, swali ni kama kimesalia kiumbe kinachoweza kuota. Na swali hilo, hadi sasa, hujibiwa kwa uhakika zaidi na kuotesha.