Doa Moja, Seli Moja

Mwaka 2003 ugonjwa mpya wa mapafu ulioitwa SARS uliingia Singapore, ukiwa umeletwa na virusi vya jamii ya korona. Waliougua nchini humo walikuwa 238, na 33 kati yao wakafariki. Ugonjwa ukadhibitiwa, waliopona wakarudi makwao.

Sasa rukeni nami hadi 2020. Korona nyingine, ndugu wa ile ya kwanza, imeenea dunia nzima na shule zimefungwa. Huko Singapore, Profesa Antonio Bertoletti na wenzake wakawaomba damu kidogo watu 23 waliopona SARS. Miaka 17 ilikuwa imepita. Je, miili yao bado ilikikumbuka kirusi kile?

Mtaniuliza, si wangepima tu kingamwili? Hizo ni protini zinazoelea kwenye damu na kuvinasa virusi, na kuzipima ni rahisi. Lakini kingamwili za SARS zilishajulikana kwamba hupungua sana baada ya miaka michache. Zilizokuwa zinatafutwa hapa ni seli T, chembe nyeupe za damu zinazotambua vipande vya kirusi, na baadhi yake huua seli za mwili zilizoambukizwa. Tabu yake ni kwamba zinazokikumbuka kirusi fulani ni chache mno kati ya maelfu, na kwenye hadubini zote zinafanana. Utazijuaje?

Unazichokoza, vijana wangu. Kipimo chenyewe kinaitwa elispoti.

Damu huzungushwa kwa kasi kwenye mashine mpaka ijitenge: chembe nyekundu chini, maji ya manjano juu, na katikati utando mwembamba mweupeweupe. Utando huo ndio mali. Hunyonywa taratibu, seli zikahesabiwa, kisha zikagawanywa kwenye kisahani cha plastiki chenye vishimo 96, kila kimoja hakizidi sana punje ya hindi. Sakafu ya kishimo imeshapakwa kingamwili za kutegea. Juu ya seli hutiwa vipande vya protini ya kirusi. Ni vipande tu, haviwezi kumwambukiza mtu.

Kisahani hulazwa usiku kucha kwenye joto la nyuzi 37, sawa na la mwilini. Seli isiyokijua kirusi hukaa kimya. Inayokikumbuka hushtuka na kutema interferoni gama, kemikali ya kuziamsha seli nyingine, nayo hunaswa papo hapo chini yake kabla haijasambaa. Asubuhi seli zote huoshwa na kumwagwa. Ndiyo, zinamwagwa! Sakafu ya kishimo ikitiwa rangi, madoa hujitokeza, kila moja mahali ilipokuwa seli moja. Hesabu madoa, umehesabu seli.

Kishimo kimoja huachwa bila kipande chochote. Kikijaa madoa, jueni kuna kasoro. Kingine hutiwa dawa inayoiamsha seli T yoyote. Kikikosa madoa, huenda seli zilikufa njiani. Mtu akiwaletea majibu bila vishimo hivyo viwili, msimwamini.

Basi, damu ya waliopona SARS ilitoa madoa. Miaka 17! Na ilipochokozwa kwa vipande vya korona mpya, ikatoa tena, kwa sababu virusi hivyo viwili vinafanana. Lakini msikimbilie kusema watu hao wasingeugua: doa linaonyesha kumbukumbu ipo, halisemi kinga ina nguvu kiasi gani.

Kisha watafiti hao wakapima watu ambao hawakuwahi kuugua SARS wala korona mpya. Takriban nusu yao nao wakatoa madoa. Za kwanza kushukiwa ni korona za mafua ya kawaida, ambazo karibu kila mtu amezipata. Ila baadhi ya vipande vilivyoziamsha seli hizo havifanani sana na vya korona za mafua; vinakaribiana zaidi na vya korona za wanyama. Wanyama gani, na walikutana nao wapi, vishimo havisemi.