Sekunde Zilizovunja Rekodi

Simu iliyokaa siku nyingi bila chaji huko Malemba-Nkulu, ikiwashwa kabla ya kupata mtandao, mara nyingine hudai kwamba leo ni tarehe 1 Januari 1970, saa 02:00. Kwangu mimi hiyo ndiyo tarehe ya uongo maarufu kuliko zote. Programu nyingi hupima muda kwa kuhesabu sekunde zilizopita tangu usiku wa kuamkia siku hiyo kwa saa ya dunia, UTC. Kifaa kikipoteza hesabu, huanza upya kwenye sifuri. Zile saa mbili za juu ni za huku kwetu: Haut-Lomami, kama Lubumbashi, iko saa mbili mbele ya UTC, ilhali Kinshasa iko saa moja tu mbele.

Hapo tayari pana mtego. Ndege ikiruka Kinshasa kwenda Lubumbashi, programu itakayotoa saa ya kuruka kwenye saa ya kutua, kila moja kama ilivyosomwa uwanjani, itaongeza saa nzima ambayo hakuna abiria aliyeisafiri. Na katika orodha ya majira inayotumiwa na simu na kompyuta karibu zote, Lubumbashi imefungwa pamoja na Maputo, Kinshasa pamoja na Lagos. Nchi moja, saa za kuazima kutoka pande mbili za bara.

Kwa ukongwe wa vihesabio vya muda, Kongo ya mashariki ina mgombea wake. Mwaka 1950 Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimbua huko Ishango, kando ya Ziwa Edward, mfupa wenye alama zilizochanjwa katika safu tatu: 60, 48 na 60. Jumla ni 168, na umri wake unakadiriwa kuwa miaka 20,000 hivi. Mtafiti Alexander Marshack alizisoma alama hizo kama hesabu ya miandamo ya mwezi kwa karibu miezi sita. Wengine huona humo mchezo wa namba tu. Kama Marshack alikuwa sahihi, basi hicho ni kihesabio cha muda kilichodumu miaka 20,000 bila kujaa.

Maana kujaa ndiyo maradhi makuu ya vihesabio vya siku hizi. Ni kama kilomita za pikipiki: zikifika tisa tupu, zinarudi sifuri. Windows 95 ilihesabu milisekunde tangu mashine iwashwe, ikaziweka katika biti 32, na biti hizo hujaa baada ya siku 49 na saa 17. Mashine ikifika hapo ilikuwa inaganda. Hitilafu hiyo ilijulikana miaka zaidi ya mitatu baada ya programu kutoka, na mzaha wa mafundi ni kwamba hakuna Windows iliyowahi kukaa imewashwa muda wote huo. Hesabu ileile ilirudi bila mzaha tarehe 14 Septemba 2004 kusini mwa California. Mfumo wa waongoza ndege ulitakiwa kuzimwa na kuwashwa kila baada ya siku 30, fundi akapitiwa, na mawasiliano ya redio na ndege yakakatika kwa saa kadhaa. Boeing 787 ilipewa muda mrefu kidogo: siku 248. Mwaka 2015 mamlaka ya anga ya Marekani iliamuru jenereta zake zisiachwe na umeme mfululizo muda wote huo, kwa kuwa zote zingeweza kuzimika kwa mpigo.

Rekodi ya vifo siipendi, lakini siwezi kuiruka. Dhahran, Saudia, 25 Februari 1991: mtambo wa Patriot wa kudungua makombora ulikuwa umewashwa kwa takriban saa 100. Ulihesabu sehemu za kumi za sekunde, na moja ya kumi haiandikiki kikamilifu katika biti 24. Kila mara kilipotea kipande kidogo mno. Baada ya saa 100 upungufu ulikuwa sekunde 0.34 hivi. Kwa kombora la Scud lililokuwa linakuja, hiyo ni zaidi ya nusu kilomita. Mtambo ulitazama mahali pasipo na kitu, na wanajeshi 28 wakauawa. Programu iliyorekebishwa ilifika Dhahran kesho yake.

Tiba fupi kuliko zote ilikuwa ya herufi moja. Ilipoingia 2017, kwetu ikiwa saa 02:00 usiku, dunia iliongezwa sekunde moja ili saa zisiachane na mzunguko wake. Programu moja ya kampuni ya Cloudflare ilikuwa inapima muda wa majibu kwa saa ya kawaida, ikapata muda ulio chini ya sifuri, jibu limewahi kabla ya swali. Ikaanguka. Mafundi waligeuza alama == kuwa <=, basi. Lakini kosa halisi halikuwa kwenye alama. Saa ya kawaida husogezwa mbele na nyuma, na mtandao, na serikali, na mtoto anayechezea simu. Anayepima muda uliopita atumie kihesabio kisichorudi nyuma. Kwenye Python ni hivi:

mwanzo = time.monotonic()
muda = time.monotonic() - mwanzo

Java ina System.nanoTime, na lugha ya Go iliingiza kinga hiyo yenyewe mwezi Agosti 2017, miezi michache baada ya mkasa huo.

Kihesabio chenye uhai mrefu kuliko vyote vinavyotumika sana ni cha sekunde katika biti 64: kitajaa baada ya miaka bilioni 292. Ulimwengu wenyewe una bilioni 13.8.

Ndugu yake wa biti 32 hana bahati hiyo. Atajaa tarehe 19 Januari 2038, na simu ya Malemba-Nkulu itakuwa inaandika 05:14:07 alfajiri. Sekunde inayofuata, kifaa ambacho hakijarekebishwa kinaweza kurudi mwaka 1901. Wewe unayeandika leo programu ya ada za shule au ya dawa za zahanati, ingiza tarehe ya Februari 2038 kwenye nakala ya majaribio uone itakujibu nini.