Kumsaidia Mtoto Kusoma Nyumbani: Tuanzie Sikioni

Katika mafundisho ya Komunyo ya Kwanza hutokea jambo ambalo makatekista wengi wanalifahamu. Mtoto anashika kitabu cha sala, anatamka Baba Yetu bila kukosea hata neno moja, na wazazi wanafurahi kwamba mtoto wao anajua kusoma. Mwoneshe mstari ambao hajawahi kuusikia, naye ananyamaza. Kumbe alikuwa anakumbuka, macho yake hayakuwa yakifuata maandishi.

Kukariri si kosa. Sala hujifunzwa hivyo tangu utotoni. Tatizo linakuja pale kukariri kunapoficha kutojua kusoma mpaka mtoto anavuka madarasa ya mwanzo. Mtaala ulioanza kutumika mwaka 2015 katika shule za msingi Tanzania uliweka mkazo wa darasa la kwanza na la pili kwenye KKK, yaani Kusoma, Kuandika na Kuhesabu. Baada ya hapo masomo huongezeka, na kila somo linadai mtoto asome mwenyewe. Asiyejua kusoma huachwa nyuma katika yote kwa pamoja. Mwalimu mwenye wanafunzi wengi hawezi kumsikiliza kila mmoja kila siku. Nyumbani inawezekana.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Tamko juu ya Elimu ya Kikristo la mwaka 1965, ulifundisha kuwa wazazi ndio walezi wa kwanza na wakuu wa watoto wao. Katika suala la kusoma, wajibu huo si mzito kama wengi wanavyodhani, kwa sababu Kiswahili chenyewe kinatusaidia. Kina irabu tano tu, a, e, i, o, u, na kila moja ina sauti ile ile popote inapoandikwa. Silabi zake nyingi huishia na irabu. Mtoto akishajua irabu hizo pamoja na m, k, l na t, tayari anaweza kusoma mama, kaka, kiti, meli, mkate na maneno mengine mengi.

1. Sikio kwanza

Kabla ya kuona silabi kwenye karatasi, mtoto anatakiwa azisikie katika maneno anayoyasema. Mwambie apige makofi kwa kila silabi: ki-ta-bu, makofi matatu. Muulize neno “kuku” na neno “kuni” yanafanana wapi. Watoto wa pwani wana mchezo wa kinyume, ambapo silabi ya mwisho inahamishiwa mwanzo: kitabu inakuwa “bukita”, soma inakuwa “maso”. Wengi wetu tuliuona kuwa utani tu, lakini mtoto anayeuweza ameshajua kulikata neno na kuliunga upya, na kusoma kunahitaji uwezo huo huo. Michezo hii inachezeka kwa lugha yoyote inayozungumzwa nyumbani, na haihitaji daftari. Unaweza kuifanya mkiwa njiani kwenda Misa au mnapochambua mboga.

2. Sauti kabla ya jina la herufi

Tumezoea kuwafundisha watoto a, be, che, de. Hayo ni majina ya herufi. Mtoto akiambiwa “be” na “a”, sikio lake linapata “bea”, wala si “ba”. Mfundishe sauti yenyewe kwa kufunga midomo na kuiachia, kisha aiunganishe na irabu: ba, be, bi, bo, bu. Chukua konsonanti moja au mbili kwa wiki. Anza na zile rahisi kama m, b, k, l na t. Silabi zenye konsonanti zilizoungana, kama za mbwa, nyumba na ng’ombe, zisubiri.

3. Vuruga mpangilio

Mtoto akishaimba ba, be, bi, bo, bu, usiridhike. Huenda ameshika wimbo tu. Kata maboksi matupu vipande vidogo, andika silabi moja kwenye kila kipande, uvichanganye, kisha mwambie asome bo, halafu bi, halafu ba. Vipande hivyo hivyo vitumike kuunda maneno. Kwa kitabu cha picha, funika picha kwa kiganja ndipo asome neno, maana mtoto mjanja huangalia picha ya kuku akasema “kuku”.

4. Maandishi tayari yapo nyumbani

Familia isiyo na vitabu bado ina mfuko wa unga, pakiti ya chumvi, kibao cha duka na kalenda ya parokia ukutani. Kanga ya mama ina jina lake, tena kwa herufi kubwa. Mwache mtoto atafute silabi anazozijua humo. Aandike kwa kidole mchangani au kwa mkaa kwenye kipande cha boksi. Mkono unalisaidia jicho kukumbuka.

5. Maana isisahaulike

Akimaliza sentensi, muulize: nani amefanya nini? Akishindwa kujibu, airudie taratibu. Mtoto anayesukuma silabi moja moja kwa shida husahau mwanzo wa sentensi kabla ya kufika mwisho. Akirudia mara mbili tatu, atasoma kwa wepesi na maana itabaki.

Je, mzazi asiyejua kusoma afanye nini? Anaweza kupanga muda, kukaa karibu, kusikiliza, na kumwomba mtoto asimulie alichosoma. Kaka au dada mkubwa atasahihisha. Vitendawili na hadithi za bibi humpa mtoto maneno atakayoyatambua baadaye akiyakuta kitabuni.

Dakika kumi na tano kila jioni zinatosha, na zina faida kuliko saa mbili za Jumamosi. Fimbo na kejeli viwekwe kando. Mtoto mwenye hofu hukisia haraka ili aachwe, na akizoea kukisia itachukua muda kumrudisha kwenye kusoma. Ukiona juhudi za miezi kadhaa hazileti badiliko, mpeleke akapimwe macho na masikio, na uzungumze na mwalimu wake.

Kumpima si kazi ngumu. Andika silabi chache, kisha maneno, kisha aya fupi, kisha kisa kifupi, vyote vikiwa vipya kwake. Pale anapokwama ndipo pa kuanzia. Ninyi mafrateri mnaokwenda likizo parokiani, kipimo hiki kinafanyika hata kwenye jumuiya ndogo ndogo, chini ya mwembe, baada ya sala. Mtakapomkuta mtoto anayeishia kwenye silabi, kaeni na mzazi wake mumwoneshe namna ya kukata vile vipande vya boksi.