Gia zikigoma, jaribu hivi kabla giaboksi haijashushwa
Wasikilizaji wetu wengi mnategemea pikapu kupeleka mazao sokoni, na kushusha giaboksi ni gharama. Kwa hiyo tunashauri muanze na jaribio hili. Zima injini, vuta hendibreki, kanyaga klachi, ingiza gia moja moja. Zikiingia vizuri, lakini injini ikiwaka zinagoma au kukwaruza, huenda klachi haiachii: angalia kwanza mafuta yake, au kebo. Zikigoma hata injini ikiwa imezimwa, fundi akague viungo vya mkono wa gia, kisha giaboksi. Injini ikinguruma mlimani bila gari kuongeza mwendo, na harufu ya kuungua ikasikika, klachi inateleza. Msipakie mzigo hadi itengenezwe.