Alama Moja Yaweza Kuimeza Nakivubo

Chukua ramani ya mtandaoni ya Nakivubo, katikati ya Kampala. Ina alama ya uwanja wa mpira, ya soko ambalo kwa jina rasmi ni la Mtakatifu Balikuddembe ingawa watu wanalijua kwa jina la Owino, za stendi kuu mbili za teksi (gari ambalo Dar es Salaam lingeitwa daladala), na za mtaro mkubwa unaoyapeleka maji ya mvua Ziwa Victoria. Mtu anapoifungua, programu inalazimika kuamua kwanza ionyeshe kipande gani cha dunia, na kwa ukubwa gani. Watengenezaji wengi hulimaliza suala hilo kwa mstari mmoja wa msimbo unaoiagiza ramani ijirekebishe mpaka alama zote ziingie kwenye skrini. Katika Leaflet, maktaba ya programu iliyotolewa na Volodymyr Agafonkin mwaka 2011, amri hiyo huitwa fitBounds. Inaonekana ya haki, maana haimwachi yeyote nje. Mimi nasema amri hiyo ni mtumishi mzuri asiyefaa kuachiwa uamuzi, na Nakivubo ni mahali pazuri pa kulithibitisha hilo.

Tuanze na inavyofanya kazi. Programu huzipitia alama zote ikitafuta latitudo ya chini kabisa na ya juu kabisa, kisha longitudo vivyo hivyo. Namba hizo nne huzaa mstatili. Halafu hutafutwa ngazi ya juu kabisa ya ukuzaji ambayo mstatili huo bado unaenea ndani ya skrini. Katika ngazi ya 0 dunia nzima hukaa kwenye kigae kimoja cha pikseli 256 kwa 256, na kila ngazi inayofuata huongeza vipimo maradufu. Kampala iko jirani na ikweta, kwa hiyo hesabu zake ni nyepesi: kwenye ngazi ya 15 pikseli moja ni kama mita 4.8 za ardhi, na eneo lenye upana wa kilomita moja na nusu hutosha kwenye simu yenye upana wa pikseli 360. Hapo mitaa ya Nakivubo husomeka. Lakini tazama ni nani aliyeamua. Ramani ikiwa na alama mia mbili, zile za pembeni, zisizozidi nne, ndizo zilizopiga kura. Zilizobaki hazikuulizwa kitu.

Hatari huanza pale moja ya hizo za pembeni inapokuwa na kosa. Nakivubo iko takriban latitudo 0.31 kaskazini na longitudo 32.57 mashariki. Leaflet hutaka latitudo itangulie, ilhali muundo wa GeoJSON, unaotumika sana kuhifadhi data za ramani, hutanguliza longitudo. Mwandishi wa msimbo akizipindua namba hizo katika alama moja tu, kibanda cha Owino kinahamia Algeria. Akiacha nafasi tupu na kompyuta ikaisoma kuwa sifuri na sifuri, alama inaangukia Ghuba ya Guinea, kama kilomita 3,600 magharibi ya Kampala. Katika hali zote mbili ramani kwenye simu yetu inashuka hadi ngazi ya 3, ambako pikseli moja ni karibu kilomita 20. Uwanja, soko, stendi na mtaro vyote vinabanwa ndani ya nukta moja. Programu haijakosea chochote. Imetii agizo neno kwa neno.

Wengine hudhani dawa ni kukataa alama yoyote iliyo nje ya mipaka ya Uganda. Dawa hiyo inaponya makosa hayo mawili, lakini inashindwa na kosa la tatu ambalo ni la wakazi wa ikweta hasa. Alama ya kutoa ikipachikwa mbele ya 0.31, sehemu hiyo inaruka karibu kilomita 69 kwenda kusini, kwenye Ziwa Victoria upande wa visiwa vya Ssese, na huko bado ni Uganda. Ukaguzi wa mipaka ya nchi utaipitisha bila swali. Kwa ramani ya Kampala, kipimo kiwe Kampala.

Hata data zikiwa safi, tatizo halijaisha. Maji ya mtaro wa Nakivubo huteremka kupita upande wa Bugolobi, yakaingia kwenye kinamasi, kisha kwenye Ghuba ya Murchison ya ndani. Ghuba hiyohiyo ndiyo inayotoa maji ya mitambo ya Ggaba yanayosafishwa kwa matumizi ya jiji. Mtu anayeeleza uchafuzi wa maji anahitaji alama zote mbele ya msomaji kwa pamoja, ili chupa ya plastiki iliyotupwa sokoni na bomba la Ggaba vionekane katika picha moja. Kwake yeye, kuonyesha zote ndiyo hoja yenyewe. Lakini mstatili wa kutoka stendi hadi Ggaba unahitaji ngazi ya 12 au 13. Kwenye ngazi ya 13, alama mbili zilizo mita 400 mbali hutengana kwa pikseli 21 tu, na pini ya kawaida ya Leaflet ina upana wa pikseli 25. Zinapandana. Abiria anayetafuta teksi hana haja na Ggaba, naye amepewa rundo la pini asizoweza kuzitofautisha.

Kuna watakaosema kwamba pini zinazopandana hukusanywa katika duara lenye idadi, basi yamekwisha. La. Duara linaniambia kuna alama kumi na saba, halinionyeshi ile ninayoitafuta, wala halizuii alama iliyopotea Algeria kuivuta ramani nzima. Wengine watasema msomaji ana vidole, aikuze mwenyewe. Kutoka ngazi ya 3 hadi ya 15 ni hatua kumi na mbili, na kila anaposimama hupakuliwa vigae vingine kwa bando lake. Pingamizi ninaloliheshimu zaidi ni la tatu: kuacha alama nje ya fremu ni kumficha mtu, na ramani za miji yetu zimewaficha wauza vibanda miaka mingi. Ni kweli. Ndiyo maana sisemi alama ifutwe. Ramani ifunguke pale zilipokusanyika nyingi, iandike wazi ni ngapi ziko nje ya fremu, na iweke kitufe cha kuziona zote.

Kwa watengenezaji, basi: kagueni namba kwa mipaka ya jiji kabla ya kuita fitBounds, na wekeni ukomo wa ukuzaji, kwa sababu alama ikiwa moja tu mstatili hauna upana wala urefu na ramani itazama hadi ngazi ya mwisho. Kisha ifungueni kwenye simu ndogo, si kwenye kompyuta ya ofisini, muone kama njia ya kutoka uwanjani kwenda stendi inasomeka.