Mito, Mpunga na Ukuu wa Uchina ya Kale

Ndugu msomaji, ukifungua kitabu cha historia utakutana na wafalme tele. Fulani alishinda vita, fulani akapinduliwa, fulani akauawa. Sisi wanafunzi huyakariri majina hayo usiku kucha, na mtihani ukiisha yanayeyuka kama barafu juani. Mimi nina swali moja tu: hao askari wote walikula nini, na chakula chao kilitoka wapi? Maana mwenye njaa hana miiko, awe raia au awe mfalme. Hebu tuitazame Uchina ya kati ya karne ya 6 na ya 11, nawe utaona kwamba jembe lina maneno kuliko upanga.

Kwanza tuiangalie ardhi yenyewe. Uchina ina mito miwili mikubwa, Huanghe upande wa kaskazini na Yangtze upande wa kusini. Yote miwili hutiririka kutoka magharibi kwenda mashariki. Kaskazini mvua ni haba. Udongo wake ni wa njano na laini, ulioletwa na upepo, na wakulima walipanda ngano na nafaka za jamii ya wimbi na mawele. Kusini kuna joto na mvua nyingi, kwa hivyo huko walilima mpunga. Kilimo cha mpunga si mchezo! Miche huoteshwa kitaluni, kisha hupandikizwa kwa mkono katika majaruba yaliyojaa maji. Lakini kazi hiyo hulipa, kwani shamba dogo la mpunga hulisha watu wengi.

Basi hapo ndipo palipokuwa na tatizo. Makaizari na majeshi yao walikaa kaskazini ili kulinda mipaka dhidi ya wapanda farasi wa nyikani. Chakula nacho kilizidi kuongezeka kusini. Na hakuna mto mkubwa uliotoka kusini kwenda kaskazini. Utasema, si wangebeba kwa mikokoteni? La hasha! Ng'ombe anayevuta mkokoteni hula, na mwenye kumwongoza hula pia. Safari ikiwa ndefu, mzigo unaishia njiani. Jahazi halili kitu.

Ukoo wa Sui uliiunganisha Uchina yote mwaka 589. Kati ya 605 na 610, Kaizari Yang aliamuru uchimbwe mfereji mkuu wa kuunganisha mito hiyo, kutoka Hangzhou kusini, kupitia karibu na Luoyang, hadi karibu na mahali ambapo leo kuna Beijing. Kumbukumbu za zamani zasema kwamba watu zaidi ya milioni moja walilazimishwa kuchimba sehemu moja tu ya mfereji huo, na kwamba wanaume walipopungua, wanawake nao walichukuliwa. Hebu fikiria mashamba yaliyobaki bila mtu wa kupalilia. Juu ya hayo Kaizari akaongeza vita vya Korea vilivyoshindwa. Wananchi waliasi, naye akauawa mwaka 618.

Ukoo wa Tang uliomfuata ndio uliokula matunda ya jasho hilo. Mji wao mkuu, Chang'an, ulikuwa mkubwa ajabu, lakini bonde lake halikutosha kuulisha. Miaka ya ukame, Kaizari na watu wake walihamia Luoyang kufuata chakula. Kumbe hata mfalme hufuata unga! Mwaka 734 waziri Pei Yaoqing alileta mpango mzuri. Alijenga maghala njiani, kila jahazi likawa linashusha nafaka ghalani na kurudi lilikotoka. Na pale Sanmen, ambapo maji makali yalivunja majahazi, alitengeneza barabara fupi ya kuzunguka.

Mwaka 755 jemadari An Lushan aliasi. Hadi vita vilipokwisha mwaka 763, kaskazini kulikuwa kumeharibika na watu wengi walikuwa wamekimbilia kusini. Hata hivyo, ukoo wa Tang uliendelea kutawala hadi 907, zaidi ya miaka 140. Sababu mojawapo kubwa ni nafaka na kodi za kusini zilizopandishwa kwa mfereji ule ule.

Halafu mwaka 1012, wakati wa ukoo wa Song, Kaizari Zhenzong aligawa kwa wakulima mbegu za mpunga kutoka Champa, nchi iliyokuwa katika Vietnam ya leo. Mpunga huo ulivumilia ukame na kukomaa mapema, hata penye maji ya kutosha mkulima aliweza kuvuna mara mbili kwa mwaka. Kufikia mwaka 1100, Uchina ilikadiriwa kuwa na watu wapatao milioni 100.

Je, msomaji, ni nani basi aliyeijenga Uchina? Kitabu kitakutajia Kaizari Yang. Mimi nasema ni yule mama aliyeinama jarubani akipandikiza mpunga, pamoja na yule aliyechimba mfereji akafa kabla hajaona jahazi likipita. Mwaka 2014 mfereji huo uliwekwa katika orodha ya urithi wa dunia, na sehemu zake bado zinapitisha vyombo. Majina ya waliouchimba hayamo katika mtihani wowote. Wewe unaposoma habari za dola yoyote kubwa, usikomee kwenye jina la mfalme. Uliza mvua ilinyesha wapi, nani alilima, na nani alibeba.