Nambari zisizo na majina ni mtego kwa waundaji wa programu

TUSEME umerithi daftari la duka kutoka kwa mtu aliyekwisha kuhama, na katikati ya ukurasa umekuta nambari 32000 pekee. Je, ni shilingi, magunia au deni? Hayo ndiyo masaibu ya mtaalamu wa tarakilishi anayesoma programu iliyojaa nambari tupu.

Hatari huwa kubwa zaidi katika mfumo wa faili, yaani sehemu ya programu inayopanga data kwenye diski na kukumbuka kila faili iliko. Kosa dogo hapo laweza kuangamiza kazi ya miaka mingi.

Chukua mfano wa Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991 na ambayo leo ndiyo kiini cha simu za Android. Katika mifumo yake ya faili ya ext2, ext3 na ext4, saraka kuu hutambuliwa kwa nambari 2, nalo jina la faili halizidi baiti 255.

Sasa, nambari 2 huenda ikajitokeza mara nyingi katika programu hiyo. Mahali pamoja ni saraka kuu. Kwingine ni hesabu ya kawaida tu. Anayetaka kuibadilisha hawezi kuziondoa zote kwa pamoja bila kuharibu mengine.

Dawa yake ni kuipa kila thamani isiyobadilika jina, kuliandika mahali pamoja, kisha kulitumia jina hilo kwingineko kote. Kwa mfano, ext3 iliruhusu faili moja kuwa na viungo 32000. Katika ext4, iliyokamilika mwaka 2008, kikomo ni 65000, nacho kimepewa jina EXT4_LINK_MAX. Anayelisoma hutambua mara moja kwamba hicho ni kikomo cha viungo, na akitaka kukibadilisha anajua pa kuanzia.

Hata hivyo, si kila jina hufaa. Kuiita 2 kwa jina “MBILI” hakumsaidii yeyote, kwa kuwa jina lapasa kueleza kazi ya nambari wala si ukubwa wake. Isitoshe, sifuri inayoanzisha hesabu haihitaji jina, kwani maana yake i wazi.

Programu huandikwa mara moja lakini husomwa mara nyingi, aghalabu na watu wasiomfahamu mwandishi wake. Kwa hivyo, anayeipa nambari jina leo anamwondolea mwenzake wa kesho kazi ya kukisia.